Waliouazima Wimbo Hawajaurudisha



Katika vikao vyetu hakuna lalamiko linalorudiwa mara nyingi kama hili: kwamba vijana wameacha nyimbo za maana, wameshikwa na muziki wa kufokafoka, maneno ya mbio yasiyofahamika, na kwamba yafaa padre asimame akemee. Nimeombwa nikemee. Nimekubali, lakini naomba radhi mapema, kwa kuwa kemeo langu halitawaangukia wale walioshtakiwa mbele yangu.

Nitaanza na wimbo mmoja. Mwaka 2002 vijana wawili wa Kenya, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliojulikana kwa majina ya Gidi Gidi na Maji Maji, walitoa wimbo uitwao "Unbwogable", uliotayarishwa na Tedd Josiah. Walio na umri wangu wanaukumbuka. Walio wadogo wameusikia kwa baba zao. Katika Kiluo, bwogo ni kutisha, kumtia mtu hofu. Vijana hao walikitwaa kitenzi cha mama zao, wakakivika kiambishi cha Kiingereza cha kukanusha upande wa mbele, na kingine cha kuonyesha uwezekano upande wa nyuma, wakapata neno ambalo halikuwamo katika kamusi ya lugha yoyote: mtu asiyetishika. Mwalimu wetu wa sarufi seminarini angeuchana mtihani wa mwanafunzi aliyethubutu hivyo. Nchi nzima ililielewa siku ya kwanza.

Wenyewe wameeleza kwamba hawakukaa chini kutunga wimbo wa kampeni. Dhiki ya maisha ndiyo iliyowasukuma: wasanii wasio na kitu, wenye jina mitaani na mifuko mitupu, wakijipa moyo kwamba shida haitawavunja. Ni kweli kwamba ndani yake waliwataja viongozi wa jamii yao waliosifika kwa kutoinamisha kichwa, kwa hiyo siasa haikuwa mbali. Hata hivyo asiyetishika wa wimbo ule alikuwa kwanza mtu wa kawaida, ambaye kesho hajui atakula nini na bado hatapiga magoti. Naomba jambo hili likumbukwe, maana ndilo lililoibwa.

Tuukumbuke mwaka wenyewe. Rais Daniel arap Moi alikuwa ametawala tangu 1978, miaka 24, na Katiba haikumruhusu kugombea tena. Alimchagua Uhuru Kenyatta awe mrithi wake, na viongozi wengi wa KANU wakakasirika wakatoka. Mwezi wa Oktoba waliungana na vyama vya upinzani, ukazaliwa muungano wa NARC chini ya Mwai Kibaki. Muungano huo ulikuwa na wanasiasa wa kila namna, wengine wakiwa wametoka katika baraza la mawaziri la serikali ileile waliyokuwa wakiilaani. Kilichopungua ni roho moja ya kuwafunga pamoja, nayo wakaikuta imekwisha kutengenezwa, inapigwa katika matatu. Wakaichukua. Kuanzia hapo jukwaani asiyetishika alikuwa Kibaki, alikuwa Raila, ilikuwa NARC yenyewe. Mgombea alipata ajali ya gari mapema Desemba, akaenda kutibiwa London, akarudi katika kiti cha magurudumu, na umati ukaona hapo uthibitisho kwamba neno ni la kweli. Tarehe 27 Desemba alishinda kwa takribani asilimia 62 ya kura. Tarehe 30, katika bustani ya Uhuru Park, aliapishwa mbele ya halaiki ambayo haikuwa na subira hata ya kumwacha mzee anayeondoka aende kwa heshima. Walimrushia matope.

Umati ule haukuimba wimbo wa Gidi Gidi na Maji Maji peke yake. Uliimba pia pambio letu la kanisani, lile linalosifu yanayowezekana kwa imani, ila uliiondoa imani na mahali pake ukaweka kuondoka kwa Moi. Nilikuwa mseminari wakati ule, niko likizo nyumbani, nami niliimba. Nililiona badiliko lile kuwa mzaha mtamu. Leo naona kwamba lilisema jambo zito kuliko tulivyodhani: tuliamini kwa dhati kwamba kwa kuondoka mtu mmoja, yote yaliyobaki yangejifanya yenyewe.

Sitaki kudharau yaliyofuata, kwa sababu miezi michache ya mwanzo wa 2003 ilikuwa mizuri ajabu. Elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakajitokeza. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akavaa kaptura akaketi darasa la kwanza huko Eldoret. Lakini zaidi ya hayo nakumbuka habari za abiria wa matatu. Askari alipoinyosha mkono dirishani kwa desturi ya miaka yote, abiria waliteremka, wakamzunguka, wakamwambia hongo imekwisha, na mara nyingine wakampeleka wao wenyewe kituoni. Hakuna mwanasiasa aliyewatuma. Hawa ndio walioufahamu wimbo. Kwa miezi ile michache neno lilikuwa mikononi mwa wenyewe.

Kisha tukawaachia wakubwa. Katiba iliyoahidiwa ndani ya siku 100 haikuja. Mapatano yaliyotiwa saini na pande mbili za muungano kabla ya uchaguzi yaligeuka karatasi. Bunge jipya halikuchelewa kushughulikia marupurupu ya wabunge wenyewe. Mwaka 2004 tukaanza kusikia habari za Anglo Leasing, mikataba ya mamilioni na makampuni ya hewani, na mwanzoni mwa 2005 John Githongo, aliyeajiriwa na Rais ili apambane na ufisadi, akajiuzulu akiwa nje ya nchi kwa sababu alijua hakuwa salama. Huyo hakutishika, alitishwa, na hao waliomtisha walikuwa wameupanda ulingo kwa wimbo wa wasiotishika.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Sauli anamvika Daudi silaha zake mwenyewe, kofia ya shaba na darii, na kijana anazivua kwa kuwa hajazizoea. Anashuka bondeni na kombeo lake na mawe matano. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Sauli ndiye aliyeliomba kombeo la kijana. Akalishika, akapigwa picha nalo, akamwangusha Goliathi aliyekuwa ameanza kuzeeka, kisha akalitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. Kijana alirudi kwa kondoo mikono mitupu, akiamini kwamba kwa kuwa kombeo liko Ikulu, basi yeye mwenyewe yuko salama.

Wako watakaoniambia, "Padre, mwanasiasa kutumia wimbo ni kosa gani? Wimbo ukishatoka ni wa watu wote." Nakubali nusu. Wimbo ni wa watu wote wanaouimba. Lakini ujasiri hauhamishiki kama hati ya shamba. Mtu akikuimbia kwamba yeye hatishiki, nawe ukamshangilia, wewe hujawa jasiri, umekuwa mshangiliaji. Na mshangiliaji ndiye raia wa kwanza kunyamaza siku yule aliyemshangilia anapokosa, kwa sababu kumkosoa ni kujikosoa. Hiyo ndiyo hasara niliyoiona kati ya 2003 na 2007, nami sikuiona Ikulu tu. Niliiona katika safu za mbele za makanisa yetu.

Hapo inanibidi niseme juu ya nyumba yetu wenyewe. Miaka ya 1990 Maaskofu wetu walisema. Barua zao za kichungaji za mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa, zilisomwa mimbarini huku wapelelezi wameketi viti vya nyuma wakiandika. Mwishoni mwa 1999 viongozi wa dini mbalimbali walikutana Ufungamano kudai Katiba ya wananchi. Na kabla vijana wale wawili hawajalibuni neno lao, alikuwapo mtu anayelistahili. Padre John Kaiser, mmisionari wa Mill Hill, mzaliwa wa Marekani, alikaa Kenya kwa zaidi ya miaka 30. Aliwaona kwa macho yake watu waliofukuzwa mashambani mwao wakirundikwa katika kambi ya Maela, na jinsi kambi hiyo ilivyobomolewa. Mwaka 1999 alikwenda mbele ya Tume ya Akiwumi akawataja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, kichwa kimepasuliwa kwa risasi. Wapelelezi wa Marekani walielekea kusema kwamba alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi nchini Kenya iliikataa hoja hiyo ikasema aliuawa. Waliomuua hawajahukumiwa. Alipokuwa akijua kwamba anawindwa, hakuwa na wimbo wala umati. Alikuwa na parokia ya mbali na gari bovu.

Je, sauti hiyo ilikuwa wapi baada ya 2002? Tulikuwa tumeshinda, au tulidhani hivyo. Watu tuliosimama nao barabarani walikuwa sasa mawaziri, na waziri akija Misa ya Jumapili ni vigumu kumwambia lolote zaidi ya karibu. Ilipofika kura ya maoni ya Novemba 2005, na zaidi ilipofika kampeni ya 2007, makanisa yalisema kwa sauti mbili na tatu, na kila muumini aliweza kukisia msimamo wa kiongozi wake wa dini kwa kuuliza kwao ni wapi. Neno la Kiluo ambalo mwaka 2002 lilitamkwa na vikongwe wa Mlima Kenya, wasiojua hata salamu moja ya Kiluo, lilirudi likawa neno la kabila. Katika ghasia za baada ya uchaguzi huo waliuawa watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto humo ndani. Mwezi uliofuata Baraza la Makanisa ya Kenya liliungama hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Ndugu zetu Waprotestanti walifanya vema. Mimi Mkatoliki nasoma ungamo lile nikijua kwamba dhambi iliyotajwa haikuwa ya kwao pekee.

Sasa nirudi kwa vijana na muziki wao, maana nimeahidi kukemea.

Miaka ishirini baada ya wimbo ule, jambo lilelile lilirudiwa mbele ya macho yetu. Mwaka 2021 Exray, pamoja na Trio Mio na Ssaru, walitoa "Sipangwingwi", neno la Sheng lenye maana ya kwamba sipangwi na mtu, siamriwi. Kabla mwaka haujazunguka neno hilo lilikuwa kinywani mwa William Ruto, Naibu wa Rais, katika kampeni ya 2022, na msanii akaimba naye. Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililitia katika orodha ya maneno ya chuki. Kwa maoni yangu ilikosea kutafuta ubaya katika neno. Kijana wa mtaani akisema hapangwi, ni kilio cha asiye na kazi. Kiongozi aliyekaa serikalini miaka kumi akisema vivyo hivyo, ni kichekesho. Wakamchagua. Na mwezi wa Juni 2024, vijana walewale walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakionyesha kwamba kweli hawapangwi, walijibiwa kwa risasi. Tarehe 25 waliingia Bungeni. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada. Makumi waliuawa, wengine walitekwa majumbani mwao. Wimbo wao safari hii ulikuwa "Anguka Nayo" wa kundi la Wadagliz, wimbo wa kucheza tu, hauna neno moja la siasa. Nimesikia mzee mmoja mwenye heshima akiuita upuuzi. Labda. Lakini nimeona pia kwamba vijana walichagua wimbo ambao hakuna mgombea anayeweza kujitia ndani yake akajisifu, na nadhani kulikuwa na hekima hapo hata kama hawakuipanga.

Linabaki jambo la ujira. Mtume Yakobo anasema kwamba mshahara waliozuiliwa vibarua unapiga kelele, na Yeremia anamlaani ajengaye nyumba kwa kazi ya jirani yake bila kumlipa. Wimbo ni kazi. Wakati "Unbwogable" ulipokuwa unapigwa kila kona ya nchi, kanda za bandia ziliuzwa mchana barabarani. Sheria mpya ya Hakimiliki, iliyopitishwa mwaka 2001, ilikuwa haijaanza kutumika. Ilianza Februari 2003, uchaguzi ulipokwisha. Yaani nchi ilifanya mapinduzi ya amani kwa wimbo wa watu wawili, na haikuwa na chombo cha kuhakikisha wamelipwa haki yao. Waliendelea na maisha. Gidi amejulikana kwa miaka mingi kama mtangazaji wa Radio Jambo, anayewapatanisha asubuhi wenye ndoa zilizovunjika, kazi ambayo sisi mapadre tungepaswa kumshukuru.

Nikilisema hili katika semina, walei hutikisa vichwa kwa uchungu juu ya wanasiasa. Basi niulize: kwaya ya parokia yako imerekodi nyimbo ngapi, na imewaomba ruhusa watunzi wangapi? Nakili za nota zinazozunguka kutoka kigango hadi kigango zimefutwa majina ya waliozitunga, mara nyingine kwa makusudi. Najua mtunzi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wimbo wake wa Komunyo unaimbwa katika majimbo matatu na umo katika kanda za kwaya kadhaa. Hakuna aliyewahi kumletea hata nakala moja ya kanda. Aliisikia yake ikipigwa dukani, akainunua. Mtu wa namna hiyo hawezi kuona tofauti kubwa kati ya jukwaa la chama na ghala ya sauti katika uwanja wa kanisa.

Tena tusijidanganye kwamba kombeo huchukuliwa kwa nguvu. Mara nyingi tunalitoa wenyewe, na kwaya ndiyo inayotumwa kulipeleka. Mheshimiwa anapokuja kwenye harambee, ni nani hutungiwa wimbo wa makaribisho wenye jina lake katika kiitikio? Tuni ni ya zaburi, jina ni la mgombea. Novemba 2024 Rais alipotoa fedha kwa parokia ya Soweto jijini Nairobi, sehemu yake ikiwa kwa ajili ya kwaya, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliamuru zirudishwe. Siku chache kabla ya hapo Maaskofu walikuwa wameikemea serikali kwa uwongo na ahadi zisizotimizwa. Waumini wengi walishangilia. Wapo pia walionung'unika, nami niliwasikia: nyumba ya mapadre itajengwa na nani? Kinanda kitanunuliwa na nani? Haya si maswali ya kijinga, na atakayemsifu Askofu lazima awe tayari kuyajibu kwa mfuko wake. Kanisa lisilotegemea fedha za mkubwa ni lazima litegemee za mama muuza mboga, na huyo hatoi ili apigiwe wimbo.

Kwa hiyo kemeo langu ni kwetu, wazee. Kijana anayefokafoka kwamba hatishiki anatamka jambo ambalo sisi tulilitamka mwaka 2002 tukaliacha kwenye uwanja wa kuapishia. Halmashauri ya parokia inayompa mwanasiasa kipaza sauti baada ya baraka, huku ikikataa vijana wasikutane ukumbini kuzungumza juu ya wenzao waliotekwa, haina la kumfundisha kijana huyo kuhusu nyimbo za maana.

Kwa mkutano ujao wa kamati za Haki na Amani za parokia naomba vitu vitatu viletwe mezani. Kila kwaya ilete orodha ya nyimbo ilizorekodi, na majina ya watunzi pale yanapojulikana. Kila halmashauri ilete kumbukumbu za harambee za miaka mitano iliyopita, zikionyesha mgeni rasmi alikuwa nani na alitoa kiasi gani. Na kila kamati ilete kitabu chake cha mihtasari, tutazame pamoja ilikutana mara ngapi katika mwaka wa uchaguzi, na mara ngapi katika mwaka uliofuata. Katika parokia yangu nimekwisha kukifungua. Mwaka 2022 tulikutana mara tisa. Mwaka 2023 kuna mkutano mmoja, nao uliahirishwa kwa kukosa akidi.